Mimba Imetimia: Namna ya Kumvusha Mtoto Salama Siku ya Uchungu Kando ya Ziwa Victoria

Mtoto akitimiza wiki 37 tumboni, kazi kubwa ya kuumbwa imekwisha. Ana nyama mwilini, ana nguvu za kunyonya, na wengi wa umri huo hawahitaji mashine yoyote wakizaliwa. Ndiyo maana kumpoteza mtoto kama huyu katika saa za mwisho, naye jana jioni alikuwa anacheza tumboni, kunaumiza kwa namna ambayo nimeshindwa kuizoea.

Nimekuwa mkunga miaka mingi upande huu wa ziwa, visiwani na nchi kavu. Nilichojifunza ni kwamba mtoto wa miezi kamili ni nadra kufa ghafla. Huchoka kwanza. Kati ya kuchoka na kufa kuna muda, kwa wachache dakika, kwa wengi saa kadhaa. Muda huo hupotea nyumbani watu wakishauriana, hupotea mwaloni wakisubiri mtumbwi, na mara nyingine hupotea wodini kwa sababu hakuna aliyesikiliza moyo wa mtoto. Duniani, kila mwaka watoto karibu milioni 2 huzaliwa wakiwa wamekufa, na zaidi ya 40 kati ya kila 100 walikuwa hai uchungu ulipoanza. Mwongozo huu unahusu muda huo, na namna familia inavyoweza kuuokoa.

Mtoto anapumuaje akiwa tumboni

Elewa hili kwanza, mengine yatakuwa mepesi.

Tumboni mtoto hatumii mapafu. Hewa yake hutoka kwenye damu ya mama, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia kwa njia ya kitovu. Uchungu ukija, mfuko wa uzazi hukaza na kubana mishipa inayolisha kondo, kwa hiyo kwa muda mfupi hewa inayomfikia hupungua. Uchungu ukiachia, damu hurudi. Ni sawa na mvuvi anayezama kunasua wavu ulionasa kwenye mwamba: anazama, anaibuka kuvuta pumzi, anazama tena. Mwenye afya hufanya hivyo kwa saa nyingi bila kudhurika.

Sasa fikiria anavyoweza kufa. Huenda alianza akiwa dhaifu, kwa sababu mama hana damu ya kutosha, ana malaria, ana presha ya mimba, au mimba imepitiliza na kondo limezeeka. Huenda anazamishwa bila kuachiwa nafasi ya kuibuka, kwa sababu mama amekunywa dawa ya kuongeza uchungu. Huenda kazi imekuwa ndefu mno, kichwa hakipiti kwenye nyonga au mtoto amelala vibaya. Au hewa imekatika ghafla: kitovu kimetangulia, kondo limebanduka kabla ya wakati, mfuko wa uzazi umepasuka. Karibu kila hatari nitakayoitaja hapa chini inaangukia katika mojawapo ya hizo nne.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe yako, usikisie

Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Kama ilianza tarehe 10 Machi, tarajia kujifungua karibu na 17 Desemba. Mtoto anaweza kuja wiki tatu kabla au wiki moja baada, na yote hayo ni kawaida. Lakini ikifika tarehe 24 Desemba kimya, wiki ya 41 imetimia: nenda hospitali siku hiyo waamue kama wakuanzishie uchungu. Usisubiri kwa kuambiwa kwamba mtoto wa kiume hukaa zaidi. Baada ya wiki ya 41 hatari ya kufia tumboni huongezeka, na baada ya 42 huongezeka zaidi.

Kama hukumbuki hedhi yako, picha ya ultrasaundi iliyopigwa kabla ya wiki 24 ndiyo inayotoa tarehe ya kuaminika. Ya mwezi wa nane inaweza kukosea kwa wiki nzima na zaidi.

Hatua ya 2: Anza kliniki mapema, na uondoke na majibu

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Huku kwetu wengi huanza mwezi wa tano au wa sita, tumbo likishaonekana. Wakati huo mambo mengi yaliyotakiwa kutibiwa yamekwisha kumfikia mtoto.

Kipimo ninachokitilia mkazo kuliko vingine ni cha kaswende. Utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kwa wajawazito ambao hawakupimwa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wamekufa walitokana na kaswende ya mama. Nusu! Kipimo ni tone la damu, na tiba ni sindano ya penisilini. Mume atibiwe pia, la sivyo atakuambukiza tena kabla hujajifungua.

Kipimo cha pili ni wingi wa damu. Chini ya 11 (gramu kwa desilita) una upungufu, na chini ya 7 uko hatarini wewe na mtoto wako. Kanda ya Ziwa ina sababu nyingi za kumaliza damu: malaria, minyoo, kichocho cha ziwani, selimundu, na kuzaa mfululizo. Kwa hiyo meza vidonge vya kuongeza damu kila siku hata vikikutia kichefuchefu (meza usiku baada ya kula, na usiviteremshe kwa chai). Meza SP ya kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13, kila mwezi, angalau mara 3, isipokuwa kama unatumia Septrini; ukiwa kwenye Septrini mwambie nesi. Lala kwenye chandarua. Na kama unachota maji, unafua au unaanika dagaa ziwani, ulizia kipimo na dawa ya kichocho. Inaruhusiwa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Presha ipimwe kila hudhurio. Ikifika 140 kwa 90, au mkojo ukionyesha protini, huo ni mwanzo wa safari ya kifafa cha mimba, na kondo la mama wa namna hiyo humlisha mtoto kwa shida. Wapime pia sukari kama uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, au kama kwenu kuna kisukari.

Usiondoke kabla hujauliza majibu yameandikwa wapi kwenye kadi. Kadi ikiloa mvua au kuliwa na panya, nenda ukaandikiwe upya siku hiyohiyo. Usiku wa uchungu, mkunga asiyekujua hana kingine cha kumweleza habari zako.

Hatua ya 3: Amua pa kujifungulia kufuatana na hatari uliyonayo

Zahanati inatosha kwa wengi. Haitoshi kwa wote, na jambo hili lisiamuliwe uchungu ukiwa umeshaanza.

Unatakiwa kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa kama:
- una kovu la upasuaji, hasa kama haijapita miaka 2 tangu upasuaji huo;
- umewahi kuzaa mtoto aliyekufa, au aliyekufa siku za kwanza;
- una mapacha, au mtoto ametanguliza matako, au amelala mkingamo;
- una presha, kisukari, selimundu, au damu yako iko chini sana;
- ulitokwa damu ukeni mimba ikiwa kubwa;
- hii ni mimba ya tano na kuendelea.

Mimba ya kwanza nayo ina uzito wake, hasa kwa binti wa chini ya miaka 18 au kwa mama mfupi ambaye kimo chake hakifiki sentimita 150, kwa sababu nyonga haijawahi kupimwa na mtoto yeyote. Mwenye zaidi ya miaka 35 pia asimamiwe kwa karibu.

Mtoto aliyelala mkingamo sitaki nimpite haraka. Huyo hazaliwi kwa njia ya kawaida. Kinachotokea ni mkono kutoka kwanza, watu wanauvuta, mfuko wa uzazi unapasuka, na wote wawili wanaondoka. Wiki ya 36 mwombe mkunga akupapase na akuambie kwa maneno: kichwa kiko wapi? Akisita, omba picha.

Kovu la upasuaji nalo linafichwa sana. Wapo kina mama wanaoambiwa na ndugu kwamba mwanamke halisi husukuma, wanabaki kijijini na kovu lao wakitaka kuthibitisha. Mama, kovu linaweza kuachia katikati ya uchungu bila kupiga hodi. Likiachia, mtoto ana dakika chache tu.

Na neno moja kwa ambaye hakujiona kwenye orodha. Watoto wengi wanaokufa wakati wa kuzaliwa ni wa mama ambao hawakuwa na tatizo lolote kwenye kadi. Orodha inakuambia nani aende hospitali kubwa. Haimruhusu yeyote kuzalia nyumbani. Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022, wanawake 81 kati ya 100 nchini walijifungulia kwenye kituo cha huduma. Kwa hiyo ukienda, huendi peke yako.

Hatua ya 4: Panga safari ungali na nguvu za kucheka

Kwa mama wa Nyamagana au Ilemela, mjini Mwanza, safari ni bajaji na dakika ishirini. Kwa mama wa visiwa vya Ukara, Kome, Maisome, au kambi ya uvuvi isiyo na hata zahanati, safari ndiyo hatari yenyewe.

Keti na mumeo mwezi wa saba, mjibu maswali haya kwa sauti. Zahanati ya karibu iko wapi, na nani ana ufunguo usiku? Kituo cha afya kinachopasua ni kipi? Nani ana namba ya simu ya nesi? Kutoka hapo tukipewa rufaa tunakwenda wapi: hospitali ya wilaya pale Nansio kisiwani Ukerewe, Sengerema, au hospitali za Mwanza mjini, Sekou Toure na Bugando? Kivuko cha mwisho ni saa ngapi? Mwanza hadi Nansio kwa meli ni kama saa tatu, na meli haikusubiri. Mwenye boti ya injini ni nani, tumeshakubaliana naye bei, na mafuta yanakaa wapi?

Andika 115 nyuma ya kadi. Hiyo ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ukipiga, wanatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa aliye karibu. Mfumo huu ulianza kujaribiwa huku kwetu, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuenea nchini. Kama unaishi kisiwani, waulize zahanati mapema simu hiyo ikipigwa kutoka kisiwani kwenu anakuja nani na kwa chombo gani, usije ukajua usiku wa haja.

Watu wa Sengerema, Buchosa na Geita wamepata nafuu kubwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, gari la wagonjwa halisimami tena kwenye foleni ya kivuko. Nimewahi kushika mkono wa mama kwenye foleni hiyo, nikisikiliza moyo wa mtoto wake ukipungua kila baada ya uchungu, na taa za kivuko zikiwa bado ng'ambo. Anayepita juu ya lile daraja leo kwa dakika chache hajui kilichokuwa kinabaki pale chini.

Jambo jingine ambalo vitabu haviliandiki. Tazama mwezi. Kipindi cha giza wanaume wako ziwani wakivua dagaa usiku kucha, na mitumbwi yote imekwenda nao. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Kama tarehe yako inaangukia gizani, kubalianeni mapema nani atabaki, na mtumbwi upi hautatoka. Kumbukeni pia kwamba ziwa hubadilika: upepo ukivuma, boti ndogo haivuki hata kama pesa ipo.

Kwa mwenye hatari yoyote niliyoitaja na anayeishi mbali na hospitali au ng'ambo ya maji, ushauri wangu hauna mbadala: ondoka wiki mbili kabla ya tarehe. Kaa kwa shangazi, kwa wifi, au kwenye nyumba ya kusubiria kama hospitali inayo. Najua gharama yake. Najua watoto wanaobaki nyumbani. Kopa kwenye kikoba, uza mbuzi. Tayarisha kanga nne safi, glavu, nyembe mpya, pamba, kofia na nguo za mtoto, na ndugu wawili wenye afya watakaokubali kutoa damu.

Hatua ya 5: Wiki za mwisho, msikilize mtoto

Mtoto mwenye hewa ya kutosha hucheza. Asiye na ya kutosha hupunguza kucheza ili asiimalize. Kwa hiyo mtoto aliyetulia si lazima awe amelala.

Kila jioni baada ya kula, lala kwa ubavu wa kushoto na uhesabu. Ndani ya saa mbili upate michezo 10. Wengi huipata mapema zaidi. Ukikosa, au ukiona amebadilika kabisa na mazoea yake, nenda kituoni usiku huohuo wakasikilize moyo. Usikubali kuambiwa kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Namna yake ya kucheza hubadilika kwa kubanwa nafasi, lakini hakomi.

Lala kwa ubavu, usilale chali. Ukilala chali mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na mtoto hupata kidogo.

Hatua ya 6: Uchungu ukianza

Kama ni mimba ya kwanza na hospitali iko karibu, ondoka uchungu ukifika kila baada ya dakika tano. Kama umeshazaa, au kuna maji ya kuvuka, ondoka ukishajua kwamba ni uchungu wa kweli, yaani unaokuja kwa mpangilio, unaozidi nguvu, na hauishi ukitembea au kuoga.

Chupa ikipasuka, tazama maji. Yakiwa meupe kama maji ya mchele, nenda kituoni bila papara, lakini nenda siku hiyo. Muda mrefu ukipita tangu yatoke na mtoto hajazaliwa, vijidudu hupanda. Yakiwa ya kijani au ya kahawia, mtoto amejisaidia ndani, na mara nyingi ni dalili kwamba amechoka. Hapo nenda sasa hivi.

Dalili nyingine zisizongoja asubuhi: damu nyingi ukeni, tumbo gumu kama ubao lisiloachia, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza, uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla kwa mwenye kovu.

Kitovu kikionekana au kikihisiwa ukeni, usikirudishe na usikishike-shike. Mama apige magoti, kifua kishuke chini, makalio yawe juu, ili kichwa cha mtoto kisikibane. Abaki hivyo ndani ya gari au boti mpaka hospitali. Kila dakika hapo inahesabika.

Kuhusu dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, nitasema wazi. Zipo, na baadhi zina nguvu kweli. Tatizo ni hiyo nguvu. Hakuna anayejua kipimo chake, na ikishaingia tumboni haizimiki. Uchungu unakuja bila kupumzika, yule mzamiaji haibuki, na kwa mama mwenye kovu au aliyezaa mara nyingi mfuko unapasuka. Nimepokea mama wengi waliofika njia imefunguka kabisa, wamechoka, mapigo ya mtoto hayapo, na kwenye pochi ya anayewasindikiza kuna kichupa. Kama ameshakunywa, usifiche. Mwambie mkunga ni nini na ni saa ngapi. Hatapigiwa kelele na mkunga mwenye akili, na hata akipigiwa kelele, sema.

Mama mkwe mmoja aliwahi kunizuia nisimpeleke mkwewe. "Mwanangu," akaniambia, "sisi tulizalia shambani na tukarudi na kuni kichwani." Nikamwamkia upya, nikapiga magoti, nikamuuliza: "Shikamoo mama. Ulijaliwa wangapi?" Akajibu, "Tisa." Nikamuuliza wapo wangapi. Alikaa kimya muda, akijifunga kanga upya. "Wapo sita," akasema, kisha akaingia ndani na kutoka na kapu la nguo za mtoto. Tukaondoka wote. Kina mama wakubwa wana watoto wao waliowazika, na ukiongea nao kwa heshima huwa wa kwanza kutafuta usafiri.

Hatua ya 7: Wodini

Nenda na mtu. Shangazi, dada au mume, kadiri wodi inavyoruhusu. Kazi ya huyo mtu ni kukupa maji na chai, kukusugua mgongo, kukukumbusha kukojoa, na kusikiliza yanayosemwa.

Kinachotakiwa kufanyika ni hiki. Mapigo ya moyo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa, na ukianza kusukuma, kila dakika 5. Ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Njia ipimwe kila saa 4 hivi, na yote yaandikwe kwenye patografu, ile karatasi yenye mistari inayoonyesha kama uchungu unaendelea au umekwama. Uchungu ukishakolea, kwa mimba ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12 mpaka njia kufunguka yote. Kusukuma kusizidi saa 3 kwa anayezaa mara ya kwanza, saa 2 kwa aliyewahi kuzaa.

Manesi wetu ni wachache na usiku ni mrefu. Mmoja anaweza kuwa na kina mama sita. Ndiyo maana kuuliza kunasaidia, na kuna namna ya kuuliza. "Samahani sista, mapigo ya mtoto yakoje sasa?" "Njia imefika ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa ngapi?" Maswali hayo mawili, kwa upole, kila saa. Nesi mzuri hatachukia. Ukijibiwa kwamba hakuna mabadiliko kwa saa nne, uliza: "Daktari ameshaambiwa?"

Dripu ya uchungu ni dawa nzuri ikisimamiwa. Ukiona uchungu unakuja zaidi ya mara tano ndani ya dakika kumi, au hauachii, mwite nesi aipunguze au aifunge. Usisukume kabla hujaambiwa njia imefunguka yote. Na asitokee mtu wa kukukandamiza tumbo kwa viwiko ili mtoto atoke. Hilo humuumiza mtoto na linaweza kukupasua.

Siku moja, katika kituo nitakachokihifadhi jina, nilipokea zamu alfajiri na kukuta patografu ya mama mmoja haijaandikwa tangu saa 6 usiku. Karatasi ilikuwa safi kabisa. Mtoto alizaliwa saa 1 asubuhi, kilo tatu na nusu, mzuri, hana kasoro, hana pumzi. Tangu siku ile sikabidhi zamu bila kusikiliza kila mtoto kwa sikio langu.

Ukiambiwa ni upasuaji, jibu ndiyo. Usisubiri baba mkwe apatikane kwenye simu. Kwenye mapacha mkumbushe mkunga kwamba mtoto wa pili pia asikilizwe, maana wa kwanza akilia watu husahau kwamba mwingine bado amezama.

Hatua ya 8: Dakika ya kwanza

Wengi wanaozaliwa kimya hawajafa. Wanahitaji msaada ndani ya dakika moja, ndiyo wakunga wanaiita dakika ya dhahabu. Mfute kwa kanga kavu kwa nguvu kidogo, itupe iliyoloa, mfunike kwa nyingine, msugue mgongo. Asipopumua, apuliziwe kwa mpira na kinyago. Usimning'inize miguu juu, usimpige makofi, usimmwagie maji baridi.

Ukizaliwa mtoto botini au kwenye bajaji na hakuna kifaa, fanya hayohayo, na asipopumua muweke shingo sawa, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi ndogo ya mashavuni tu, kifua kiinuke kidogo, kama mara 40 kwa dakika, huku safari inaendelea. Akipumua, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kichwa kikifunikwa. Upepo wa ziwani humpoza mtoto haraka sana.

Kama mtoto amefariki

Mpeni mama mtoto wake amwone na kumshika, kama anataka. Msimnyang'anye na kumzika kimyakimya mkidhani mnamwonea huruma. Nimeona kina mama wanaouliza miaka kumi baadaye alifanana na nani. Msiseme ni mkono wa mtu, wala msimtafute mchawi kwa jirani. Siku ya pili au ya tatu maziwa yatakuja na yatamuumiza: avae sidiria inayobana vizuri, aweke kitambaa cha baridi, apewe dawa ya maumivu, asikamue sana. Arudi kliniki kama mzazi mwingine yeyote, kwa sababu homa na kutoka damu havichagui.

Kabla hamjaondoka hospitali, baba au shangazi amfuate daktari na kuuliza: alikuwa hai uchungu ulipoanza? Alitanguliza nini? Kitovu kilikuwaje, kondo lilikuwaje, uzito wake kiasi gani, mama alipimwa kaswende na sukari? Vifo vya namna hii vinatakiwa kujadiliwa na kamati ya kituo, na ninyi mna haki ya kujua kilichoonekana. Mwombeni aandike sababu na njia aliyozaliwa kwenye kadi, kwa maandishi yanayosomeka. Kadi hiyo msiichome pamoja na nguo za mtoto. Mimba ijayo, hudhurio la kwanza kabisa, iwekeni mezani kwa mkunga kabla hamjasalimiana.